Mlangoni pa Nyumba Yetu ya Mtandaoni

Anayeijua sherehe ya kupamba ya hapa Mombasa anawajua pia akina mama wa mlangoni. Hawa hawamwoni bi harusi akipandishwa jukwaani, na kaimati huwafikia zimekwisha poa. Kazi yao ni kumtazama kila aingiaye, kumuuliza ni wa upande gani, na kumwomba simu yake iwekwe katika mfuko wenye nambari mpaka atakapoondoka. Ndani ya ukumbi wanawake huvua mabuibui, zikaonekana nywele zao, dhahabu zao na nguo walizozishughulikia kwa miezi, wakiwa na yakini kwamba macho yote yaliyomo ni ya wanawake wenzao. Yakini hiyo imebebwa yote na wale wa mlangoni.

Mwaka jana, katika harusi ya binti mmoja wa mtaani kwetu, iliponyoka. Jamaa mmoja aliruhusiwa kubaki na simu kwa sababu alikuwa amemwacha mtoto mgonjwa nyumbani. Akapiga picha moja tu, kwa nia ya kumfurahisha bibi yake bi harusi aliyekuwa kitandani asiweze kuhudhuria, na kwa haraka ya kidole akaitia katika kundi la simu la akina mama wa madrasa. Kundi hilo lilikuwa na watu zaidi ya 200. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, kaka yake bi harusi alionyeshwa picha ile dukani na mtu asiyemjua.

Yule jamaa alilia kuliko bi harusi mwenyewe, nasi hatukumlaumu sana. Tulijilaumu sisi, tulipokaa kulitazama kundi letu na kugundua kwamba hatukuwajua waliomo. Kiungo cha kuingilia kilikuwa kimezunguka kwa miaka mitatu. Nambari nyingine zilikuwa za watu waliohama, nyingine za simu zilizouzwa zikiwa na laini ndani, na nyingine za akina baba waliosoma simu za wake zao bila ya kificho. Kila mmoja aliona nambari ya kila mwenziwe. Tuliweka walinzi mlangoni pa ukumbi kwa usiku mmoja, na nyumba tuliyokaa mwaka mzima haikuwa na mlango.

Binti mmoja anayesomea mambo ya kompyuta ndiye aliyetwambia kwamba jamii yaweza kuwa na mtandao wake wa kijamii, juu ya seva yake. Seva, kwa wasomaji wasiolizoea neno hili, ni kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti saa zote, inayohifadhi maneno na picha za watu na kuwapa wanaoziomba. Mitandao mikubwa tunayoitumia sote imo katika maelfu ya kompyuta za namna hiyo, nasi ni wageni humo, tunakaa kwa masharti ya mwenye nyumba.

Programu aliyotupendekezea huitwa Mastodon. Ilianzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, nayo ni programu huria: yeyote aweza kuichukua bila ya malipo, kuisoma ilivyoundwa, na kuiweka kwenye mashine yake mwenyewe. Seva hizi ni nyingi, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, na huzungumza baina yao kama barua pepe zinavyovuka kutoka kampuni moja hadi nyingine. Lugha zinayoitumia kuzungumza, ActivityPub, iliidhinishwa mwaka 2018 na shirika la W3C linalosimamia viwango vya intaneti. Watu wengi walilisikia jina la Mastodon kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter na baadhi ya watumiaji wake wakatafuta pa kuhamia. Sisi hatukuwa tukimkimbia Musk. Tulitaka mlango.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpata wa kuiweka programu hiyo kwenye mashine, na hapo ndipo tulipokwama kwa wiki mbili nzima. Aliyekuwa na ujuzi huo karibu nasi ni kijana wetu, mpwa wa bi mkubwa anayetuongoza, mwenye adabu na anayetegemewa na mtaa mzima kila kompyuta inapogoma. Alikuja barazani akatueleza kwa upole.

"Shangazi, kazi yenyewe ni ya jioni mbili tu," alisema. "Nitaiweka, kisha nitakuwa naitazama."

"Ahsante, mwanangu," bi mkubwa akamjibu, "lakini hilo la kuitazama ndilo linalotutia wasiwasi."

Sote tukacheka, na kijana akacheka nasi. Kisha akatwambia maneno ambayo tunamshukuru kwa kutoyaficha: mwenye kuishika mashine huona kila kitu akitaka, na hakuna kitufe cha kumfumba macho. Katika Mastodon kuna vyeo. Yupo mmiliki, yupo msimamizi, yupo mwangalizi, na kila cheo hupewa ruhusa zake: huyu aweza kupitisha maombi ya wanaotaka kujiunga, yule aweza kufuta ujumbe, mwingine aweza kubadilisha mipangilio. Lakini chini ya vyeo hivyo kuna hifadhidata, yaani daftari kuu la seva, na mwenye ufunguo wa mashine hulifungua daftari hilo bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Suluhu iliyopatikana ni hii. Kijana aliiweka programu huku mabinti zetu wawili wamekaa ubavuni mwake wakiandika kila hatua kwenye daftari. Akaunti ya kukodia mashine ilifunguliwa kwa jina la mtunza hazina wetu, na kodi yake hulipwa kila mwezi kutoka kwenye mchango wa chama. Ni mashine ndogo, yenye memori ya gigabaiti 4. Kazi ilipokamilika, mabinti walibadilisha maneno ya siri yote, wakaufuta ufunguo wa kijana kwenye mashine, naye akajaribu kuingia mbele yetu akakataliwa. Alionekana mwenye furaha kuliko sote. Tangu siku hiyo, tukikwama tunampigia simu, naye hutueleza kwa mdomo la kufanya.

Jina la seva lilituchukua jioni nzima, na tunawashauri wanaofikiria jambo kama hili wasilifanyie haraka. Anwani utakayoiandika kwenye faili la mipangilio siku ya kwanza huingia ndani ya jina la kila mwanachama, na haibadiliki baadaye bila ya kuvuruga kila kitu. Mapendekezo mawili yalikataliwa kwa kuwa yalitaja jina la mtaa waziwazi, na moja kwa kuwa lilikuwa refu mno kwa bibi zetu kuliandika.

Tukaja kwenye mpangilio wa usajili, ambao ndio mlango wenyewe. Mastodon inakupa njia tatu: kila mtu aingie atakavyo, au aombe na kungoja idhini, au pasiingie mtu. Tulichagua ile ya kati. Anayeomba hupewa nafasi ya kueleza kwa nini anataka kujiunga, nasi tukaitumia nafasi hiyo kuuliza vile waulizavyo wale wa mlangoni: wewe ni wa upande gani, na ni nani wawili kati yetu wanaokujua? Majibu yaliyokuja yametupa burudani kubwa. Bi mmoja anayeishi Maskati kwa miaka mingi alituandikia ukoo wake wote kuanzia kwa babu wa babu, na nyumba walizokaa, na nani alimuoa nani, mpaka wazee wetu wakaanza kusahihishana wao kwa wao. Kwa usajili, hakuna nambari ya simu inayotakiwa. Seva huthibitisha kwa barua pepe, jambo lililokuwa faraja kwa wengine na adha kwa wengine, maana wako akina mama wasiokumbuka kwamba walipata kufunguliwa barua pepe siku waliponunuliwa simu. Hao tuliwathibitisha kwa mkono, mmoja mmoja.

Tulidhani mlango umefungwa, kumbe kulikuwa na dirisha. Katika toleo tulilolisakinisha, kila mwanachama wa kawaida alikuwa na ruhusa ya kutengeneza kiungo cha mwaliko, na aliyeingia kwa mwaliko hakungojeshwa idhini ya yeyote. Hatukulijua hilo. Mama mmoja, kwa wema wake, alitengeneza mwaliko akauweka katika lile kundi la zamani la simu ili wenzetu waliobaki kule watufuate. Kwa jioni moja zikaingia akaunti 9 tusizozijua. Mbili zilikuwa za wasichana wa mtaa wa pili, waliokuja baadaye kujitambulisha. Saba tulizifungia usiku uleule. Alhamdulillahi hapakuwa bado na kitu cha thamani ndani ila tangazo la darasa la Jumamosi na mjadala mrefu juu ya bei ya nazi. Asubuhi binti zetu waliingia kwenye mipangilio ya vyeo, wakakifungua kile cheo cha kila mtu, wakaiondoa ruhusa ya kualika. Lilikuwa ni tiki moja ndogo. Anayeweka seva leo na aitafute tiki hiyo kabla ya kumkaribisha mgeni wa kwanza.

Jambo lililofuata lilitugawa. Tulisema kwamba seva hizi huzungumza baina yao. Huo ndio uzuri wake kwa wengi: mtu wa seva ya London humfuata mtu wa seva ya Nairobi kana kwamba wako nyumba moja. Lakini ujumbe ukivuka kwenda seva nyingine, nakala yake hukaa kule, na ukiufuta kwako, seva ile huombwa tu kuufuta, haiwezi kulazimishwa. Mastodon ina mpangilio unaofunga milango hiyo: seva haizungumzi ila na zile ilizoziidhinisha kwa jina, na kurasa zote za hadhara hufungwa kwa asiye mwanachama. Mpangilio huo huandikwa ndani ya faili la mashine, wala hauko kwenye ukurasa wa msimamizi, na ni bora uwekwe mwanzo kabla ya watu kuingia.

Vijana wetu hawakuupenda. Walisema tunajifungia kisimani, na kwamba mtandao usiozungumza na ulimwengu ni baraza lisilo na wapita njia. Hoja yao ina uzito wake, na mmoja wetu anayeandika haya angali anaikubali nusu. Wazee wakajibu kwamba jamaa wa Maskati na London hawahitaji kuzungumza nasi kutoka seva zao, watafunguliwa akaunti hapahapa. Kilichokata shauri ni habari aliyotusomea binti yetu: Februari 2024 wimbi kubwa la ujumbe taka lilizikumba seva za namna hii duniani, likipitia hasa kwenye seva ndogo zilizoachwa usajili wazi bila ya mtu wa kuziangalia. Baada ya tukio hilo watengenezaji wa Mastodon waliifanya programu iurudishe usajili kwenye utaratibu wa idhini yenyewe, pale inapoona wasimamizi hawajaonekana kwa wiki nzima. Sisi tuna harusi, tuna misiba, tuna Ramadhani. Wiki nzima bila ya mtu kuchungulia seva si jambo la mbali kwetu. Tukafunga.

Ilipofika zamu ya picha, ndipo tulipojifunza lile ambalo hatukulitarajia hata kidogo. Kwa majaribio, mmoja wetu alipandisha picha ya sinia la mahamri. Binti akaigusa, akanakili anwani ya picha yenyewe, akaifungua kwenye simu nyingine kabisa, simu ambayo haijapata kuingia kwenye seva yetu. Sinia likatokea, na mvuke wake. Chumba kimefungwa, lakini picha iliyomo haina kufuli lake. Anwani ile ni ndefu na yenye herufi ovyo ovyo, haibahatishiki, ila aliye ndani akiinakili na kumpa wa nje, wa nje ataiona bila ya kuulizwa chochote. Na hata kama anwani hiyo ingefungwa, mtu aweza kupiga picha ya kioo cha simu yake. Hakuna mpangilio wa kuzuia hilo, kwenye Mastodon wala kwingineko tunakokujua.

Baraza lilinyamaza kidogo. Sote tulikuwa tunaifikiria picha moja. Yule jamaa aliyeipiga alikuwapo, na ndiye aliyesema kwanza: "Basi za kupamba zisiingie humu. Hata moja." Hiyo ikawa kanuni ya kwanza ya seva yetu, na kwa haki aliiandika yeye kwa mkono wake. Mastodon humwonyesha kila anayejiunga kanuni za seva na kumtaka azikubali kabla ya kuendelea. Zetu ziko 6, kwa Kiswahili, kila moja mstari mmoja. Ya pili inasema sura ya mtoto haipandishwi ila na mama yake.

Hilo la watoto lina sheria nyuma yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na inamtaka anayehifadhi taarifa za watu, zikidukuliwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwao, amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mabinti wetu hawatafunguliwa akaunti zao wakiwa wadogo. Watasoma kwenye za mama zao, kama walivyokuwa wakifanya kwenye simu.

Kuhusu ujumbe wa faragha, tunaomba kila msomaji atusikilize. Mastodon hukuwezesha kuchagua nani asome unachoandika: watu wote, wanaokufuata, au yule tu uliyemtaja jina. Huo wa mwisho hufanana na ujumbe wa siri, na akina mama wengi walianza kuutumia hivyo, wakiandikiana mambo ya ndoa zao na ya afya zao. Lakini haukufumbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama zinavyofumbwa jumbe za Signal au WhatsApp. Umelala katika lile daftari kuu, wazi, na mabinti wetu wawili wanaweza kuusoma. Hawausomi, na tunawaamini, lakini wao wenyewe ndio waliotuomba tuwatangazie watu, kwa sababu hawakutaka kubeba amana ambayo wenyewe hawajui kwamba wameibebesha. Tumeandika onyo hilo kwenye ukurasa wa maelezo wa seva, na tunalirudia hapa. Aliye na siri ampigie mwenziwe simu, au amwendee.

Mengine yalikuwa mepesi. Orodha ya yanayovuma tumeizima, maana katika mtaa mmoja kinachovuma kila mtu anakijua. Urefu wa ujumbe tumeuacha herufi 500 kama ulivyokuja, ingawa bi mkubwa hulalamika kwamba dua zake hazienei. Nakala ya akiba ya hifadhidata, ya picha, na ya lile faili lenye siri za seva huchukuliwa kila usiku na kuwekwa mahali pengine mbali na mashine. Mara moja kwa mwezi mabinti huirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani kuhakikisha kwamba inafunguka. Mara ya kwanza haikufunguka, kwa sababu faili la siri lilisahauliwa.

Waangalizi sasa ni wanne, na hupokezana kwa wiki. Mwanachama akiona jambo lisilofaa hubonyeza kitufe cha kuripoti, na ripoti huwafikia wao peke yao. Wana uwezo wa kuonya, wa kuizuia akaunti isiingie, wa kupunguza isionekane, na wa kuisimamisha kabisa. Akaunti iliyosimamishwa hukaa siku 30 kabla ya yaliyomo kufutwa moja kwa moja, na katika muda huo uamuzi waweza kurejewa. Mpaka leo wamesimamisha akaunti moja, ya mama aliyetangaza mikopo kila baada ya magharibi. Alikuja barazani akazungumziwa, akarudishwa kabla ya siku 30, naye huuza sabuni sasa, siku za Jumanne tu.

Tulipokuwa tukiandika haya, maombi 3 yalikuwa yanangoja idhini. La kwanza ni la mke aliyeolewa mtaani mwezi uliopita, na shahidi wake mmoja ni mama mkwe. La pili ni la mwalimu wa madrasa ya Malindi. La tatu limetaja majina mawili sahihi ya watu wetu, lakini wote wawili, walipoulizwa, walisema hawamjui mwombaji. Limewekwa kando mpaka baraza la Ijumaa, na anayemtambua bi huyo kati ya wasomaji aje atwambie.